Siku Moja kwenye Piramidi za Giza na Saqqara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tulikwenda Kairo watu watano, marafiki wa tangu sekondari, na tangu turudi maswali hayajakoma: harusini, msibani, hata ndani ya daladala. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi. Yamepewa namba ili jibu moja likigusa jingine ujue pa kutazama. Saa zote ni za Kiswahili, yaani saa mbili asubuhi ni ileile tunayoijua sisi. Kwa Wamisri siyo ile, na hilo lina swali lake (la 4).

## Kabla ya kuondoka

1. Piramidi ziko jangwani au mjini?

Inategemea umegeukia wapi. Giza ni uwanda wa mawe ulio magharibi ya mto Nile, pale mji unapoishia na Sahara kuanza. Wapiga picha husimama upande wa mji wakaelekeza kamera jangwani, ndiyo maana kila picha ina mchanga mtupu. Geuka nyuma utaona maghorofa, vyungu vya setilaiti na nguo zilizoanikwa. Mbele ya Sfinksi, sanamu kubwa ya simba mwenye kichwa cha mtu, kuna mkahawa wa kuku wa kukaanga: unatafuna paja huku mnatazamana na jiwe lililochongwa miaka 4,500 iliyopita.

Kutoka Giza, makaburi ya kale yanafuata ukingo wa jangwa kuelekea kusini: Saqqara, kisha Dahshur. Ukanda wote huo uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Na kwa wanaouliza, jina Giza halina undugu na giza letu. Mahali penyewe jua linawaka mpaka macho yanauma.

2. Siku moja inatosha?

Inatosha kwa vitu viwili, haitoshi kwa vinne. Sisi tulipanga Giza, makumbusho, Saqqara na kisha mashua kwenye Nile jua likizama. Kufika saa nane mchana wawili walikuwa wamelala garini, mmoja kanuna, na dereva ndiye pekee aliyebaki na hamu ya kuendelea.

Ningerudi leo ningefanya hivi: Giza asubuhi, chakula, Saqqara mchana, basi. Saqqara iko kama kilomita 20 hivi kusini, lakini barabara za huku hazihesabiwi kwa kilomita, zinahesabiwa kwa foleni. Makumbusho Kuu ya Misri, ambayo yako jirani kabisa na piramidi na yalizinduliwa rasmi Novemba 2025, yape siku yake. Vitu vya kaburi la Mfalme Tutankhamun peke yake vinazidi 5,000. Huwezi kuviona vyote huku unaangalia saa.

3. Twende mwezi gani, na tubebe nini?

Novemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri. Asubuhi kuna baridi ya kweli, kama ya Lushoto au Limuru, kwa hiyo sweta si anasa. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, joto hupita nyuzi 35. Mtu wa Dar au Mombasa atasema amezoea. Hajazoea. Joto la pwani linakutoa jasho likakuonya. La jangwani linakukausha kimyakimya, na kichwa kikianza kugonga umeshachelewa. Maji, kofia, viatu vilivyofungwa (kandambili hapana, mawe yana ncha), na mtandio au shuka jepesi la kujifunika vumbi.

Masika yao, Machi hadi Mei, kuna upepo wa mchanga uitwao khamsini. Ndiyo, ni hamsini ileile: husemwa kuwa huvuma kwa vipindi katika siku hamsini. Ukiangukia siku yake, piramidi utaziona kama kivuli nyuma ya pazia.

Kuhusu viza, ulizeni ubalozi wa Misri mapema, maana masharti hutofautiana kwa pasipoti, na msisubiri wiki ya mwisho. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti. Wasafiri wa kwetu huulizwa.

4. Tufike saa ngapi?

Lango linapofunguliwa, asubuhi na mapema. Saa nne mabasi ya watalii yameshamwaga watu, na foleni ya kuingia ndani ya Piramidi Kuu imeshapinda. Alasiri wanafunga, kabla ya magharibi, kwa hiyo msihesabu machweo.

Sasa mtego. Mwarabu akisema saa mbili, *itnein*, anamaanisha saa nane zetu. Sisi tulimwambia dereva kwa Kiarabu cha kuokoteza "saa mbili", naye akaitikia kwa moyo mkunjufu, akalala mpaka mchana. Andikeni saa kwa tarakimu kwenye simu, 08:00, mwonyesheni. Tena kagueni simu zenyewe: wakati wa baridi Kairo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, wakati wa kiangazi tuko sawa, kwa kuwa tangu 2023 wao husogeza saa mbele.

5. Tunafikaje pale?

Njia nyepesi kwa kundi ni kukodi gari la siku nzima na kukubaliana jumla kabla ya kupanda: sehemu gani, mpaka saa ngapi, mafuta na maegesho juu ya nani. Watu watano mkigawana, inakaribia nauli za teksi za mojamoja. Teksi za kuita kwa simu zipo na ni nafuu kufika Giza, lakini kutoka Saqqara kurudi unaweza kusimama sana ukiitazama ramani isiyosogea. Treni ya chini ya ardhi ina kituo kiitwacho Giza, na wengi hudhani watashukia miguuni pa Khufu, mfalme mwenye Piramidi Kuu. Kutoka pale bado ni safari.

Tangu 2025 lango la wageni liko upande wa barabara ya Fayoum, na ndani kuna mabasi ya umeme yanayozunguka vituo. Dereva akisisitiza kuwapeleka "lango la zamani, la mkato", soma swali la 8.

## Fedha na papasi

6. Kiingilio ni kiasi gani?

Bei hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo tazama tovuti rasmi ya serikali wiki unayosafiri. Namba niliyolipa mimi itakupotosha. Cha kujua ni mpangilio. Tiketi ya uwanda inakupa nje ya piramidi zote na Sfinksi. Kuingia ndani ya Piramidi Kuu ni tiketi nyingine, ghali kuliko ya uwanda wenyewe. Dirishani kwa mgeni hutakiwa kadi ya benki, kwa hiyo angalau wawili wenu muwe nazo, na muziarifu benki zenu kabla ya safari.

Mwanafunzi mwenye kitambulisho halali hulipa nusu. Halafu kuna bei ya Wamisri na raia wa nchi za Kiarabu, ambayo ni ndogo kabisa. Mmoja wetu ni Mwomani wa Maskati, Kiswahili chake ni cha Unguja mtupu, tumecheka naye tangu utoto. Dirishani akatoa pasipoti yake, akalipa fedha ya karanga, akatusubiri ndani akitupungia mkono.

7. Bakshishi ni lazima?

Si sheria, ila ni kama chumvi: ipo katika kila kitu. Mtunza choo, mbeba mzigo, mlinzi wa kaburi aliyekumulikia tochi, wote wanatazamia kidogo. Vunjeni noti asubuhi, wekeni za pauni 5, 10 na 20 mfuko wa peke yake. Aliyekufanyia kitu kweli mpe bila kinyongo. Aliyekuonyesha kwa kidole piramidi ambayo ulikuwa unaiona toka barabarani, huyo mshukuru kwa mdomo.

8. Hao papasi tunawakwepaje?

Papasi ni wale wanaowaganda watalii kwa biashara. Aliyepita Forodhani au Darajani kule Unguja ana mafunzo tayari. Papasi wa Giza ni yuleyule, kavaa kanzu tu. Maneno yake ni haya: "Lango hili limefungwa leo." "Tiketi yako nionyeshe, mimi ni wa serikali." "Hii zawadi, bure, kwa ajili ya Afrika." Tiketi huonyeshwa langoni na kwenye mlango wa kaburi, kwingine hapana. Zawadi ikishavishwa kichwani kwako si zawadi tena.

Dawa ni fupi: *la, shukran*, bila kusimama na bila kutabasamu sana. Kosa letu watu wa pwani ni adabu. Ukisalimiwa unajibu, ukijibu unaulizwa ulikotoka, ukitaja ulikotoka ana shemeji huko, na dakika tano baadaye umekaa dukani unanusishwa manukato. Salamu ijibiwe huku miguu inatembea.

Duka la mafunjo nalo ni kituo cha kawaida cha madereva, kwa kuwa wanapata chao. Karatasi halisi ya mafunjo ukiikunja haivunjiki na ukiiweka mbele ya mwanga unaona nyuzi zimepishana wima na mlalo. Za bandia hutengenezwa kwa migomba, na hakuna sababu ya mtu wa Bukoba kununua mgomba Kairo.

9. Tupande ngamia?

Kama mnataka picha, pandeni, ila jueni kwamba bei ya kupanda si bei ya kushuka. Mwenzetu mmoja alikubaliana vizuri chini. Juu, mnyama ameshainuka, akaambiwa ile ilikuwa ya dakika tano tu. Kushuka kuna malipo yake. Ngamia ni mrefu. Ukishakuwa juu yake wewe ndiye mzigo.

Kubalianeni kwa sauti mbele ya wenzenu: jumla, kwa mnyama mzima, kwenda na kurudi mpaka miguu iguse mchanga, kwa *gineh masri*, yaani pauni ya Misri. Neno "pauni" tupu au "ishirini" tupu baadaye hugeuka dola. Hakuna kulipa mtu akiwa juu. Na mtazameni mnyama kwanza: akiwa na vidonda chini ya tandiko au mbavu zinahesabika, tafuteni mwingine au tembeeni. Siku hizi wanyama wametengewa eneo lao, mbali kidogo na piramidi, kwa hiyo wasiotaka wanapumua.

10. Hatujui Kiarabu. Kiswahili kitatusaidia?

Zaidi ya mnavyodhani, na mara nyingine kitawaponza. Sikilizeni mwuzaji akihesabu: *sitta, sab'a, tis'a, ishrin, talatin, arba'in, khamsin, miyya, alf*. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia, elfu. Utaelewa bei kabla hajatoa kikokotoo. Chai ni *shay*, sukari ni *sukkar*.

Sasa upande wa pili. Ukimnong'oneza mwenzako "mpe hamsini tu, asikubali aondoke", mwenye ngamia keshasikia hamsini. Tulipoteza fedha hivyo asubuhi nzima kabla hatujashtuka. Siri isemwe kwa namba za Kibantu: "kumi mara tano". Hapo anabaki anakodoa macho.

Moja la kuchekesha: piramidi kwa Kiarabu ni *haram*, na barabara ya kwenda huko inaitwa kwa jina hilo. Dereva akisema anawapeleka Haram msimwombee toba. H yake ni nyingine, na maana pia.

Mkitaka mwenyeji wa lugha, Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Kairo, Al-Azhar ikiwemo, na Redio Kairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954. Tena wako vijana wetu wengi wanaosoma Azhar. Ukiwa na jamaa yao nyumbani, ulizia kabla ya kusafiri. Kijana mmoja wa Kizanzibari anayejua mitaa ana thamani kuliko vitabu vitatu vya watalii. Chakula cha mchana juu yenu.

11. Tuchangishane vipi ili tusigombane?

Mfuko mmoja, mweka hazina mmoja, kila mtu kiasi sawa asubuhi. Mfuko unalipa gari, maji, bakshishi na chakula. Tiketi za ndani, ngamia na vinyago kila mtu kwa mfuko wake, maana hapo ndipo hamu zinapotofautiana. Sisi hatukufanya hivyo siku ya kwanza, na hesabu ya nani alimlipia nani juisi ya miwa haijaisha mpaka leo.

## Kwenye piramidi zenyewe

12. Ipi ndiyo kubwa? Mbona ya katikati inaonekana ndefu zaidi?

Kubwa ni ya Khufu, iliyo upande wa mji. Ilijengwa ikiwa na urefu wa karibu meta 146.6, leo, baada ya kuvuliwa mawe yake laini ya nje, imebaki kama meta 138, bado inalipita jengo la KICC la Nairobi. Kila ubavu wa kitako ni takriban meta 230. Hakuna jengo la binadamu lililoizidi kwa urefu kwa karibu miaka 3,800, mpaka mnara wa kanisa la Lincoln, Uingereza, ulipokamilika mwaka 1311.

Ya katikati ni ya Khafre, mwanawe. Ni fupi kidogo ila imesimama juu ya mwamba ulioinuka, ndiyo ujanja wake. Kileleni bado imevaa kofia ya mawe laini. Hiyo ndiyo sura ya piramidi zote zilipokuwa mpya, nyeupe na nyororo. Ndogo ni ya Menkaure, kama meta 65 ilipojengwa. Jeraha refu unaloliona ubavuni mwake kaskazini ni la mwishoni mwa karne ya 12, mtoto wa Salahuddin alipoamuru ibomolewe. Mafundi walihangaika miezi minane, wakatoa mawe machache kwa siku, wakaacha.

Kejeli ninayoipenda: Khufu mwenye jabali lote hilo, sanamu yake kamili tuliyo nayo ni ya pembe ya ndovu, yenye urefu wa sentimita saba na nusu hivi. Inatosha kwenye kiganja.

13. Kuingia ndani ya Piramidi Kuu kuna maana?

Hapa tuligawanyika, watatu kwa wawili. Ndani hakuna dhahabu, hakuna picha, hakuna maandishi ukutani. Unaingilia tundu ambalo husimuliwa kuwa lilitobolewa enzi za Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9, kisha unapanda kijia kirefu chenye dari ya chini kiasi cha kukufanya uiname kama anayetafuta sindano. Hewa nzito, mbele yako mgongo wa mtu usiyemjua, nyuma yako pumzi za mwingine.

Halafu paa linafunguka ghafla. Ukumbi Mkuu una urefu wa kwenda juu zaidi ya meta 8, kuta zinakaribiana kadiri zinavyopanda, jiwe juu ya jiwe, na hata waliokuwa wakilalamika walinyamaza. Mwisho wake ni chumba cha mfalme, chote cha granaiti iliyoteremshwa kwa mto kutoka Aswan, mamia ya kilomita kusini. Kuna jeneza la jiwe, tupu, bila kifuniko. Ni pana kuliko njia uliyopitia, maana yake liliwekwa humo kabla chumba hakijafunikwa. Mimi nilikaa pale dakika kumi nikaona fedha yangu imerudi. Mwenzangu alitoka akasema amelipa kulitazama sanduku.

Ukiogopa mahali pa kubana, magoti yakikusumbua au una pumu, usiingie kwa sababu tu wenzako wameingia. Tazama pia swali la 19 na la 20.

14. Tunaruhusiwa kupanda juu? Na picha je?

Kupanda hapana, ni kosa kisheria lenye faini na kifungo. Mtu akikuambia anajua mlinzi wa kumpoza, anawauza nyote wawili. Picha za simu ni ruhusa. Makaburini zima mwanga wa kamera. Ndege ya kamera iacheni nyumbani kabisa, maana Misri hairuhusu kuingia nayo bila kibali na huzuiwa uwanja wa ndege.

15. Pua ya Sfinksi imekwenda wapi?

Si Napoleon. Hadithi kwamba askari wake waliipiga mzinga ni tamu ila michoro ya msafiri wa Denmark, Norden, aliyefika mwaka 1737, inaionyesha tayari haina pua, na Napoleon alikuwa hajazaliwa. Mwanahistoria wa Kairo, al-Maqrizi, aliandika kuwa ilivunjwa mwaka 1378 na mtu wa tasawufi aliyechukizwa na wakulima waliokuwa wakiitolea sadaka.

Sfinksi yenyewe haikujengwa kwa matofali, ilichongwa kutoka mwamba uliokuwa palepale, meta 73 kwenda nyuma na 20 kwenda juu. Waarabu wanaiita Abu al-Hol, Baba wa Vitisho. Kati ya miguu yake kuna bamba la jiwe la Thutmose IV, anayesimulia kwamba alipokuwa mwana wa mfalme alilala kivulini mwake, ikamjia ndotoni ikamwahidi ufalme akiiondolea mchanga. Yaani miaka 3,400 iliyopita ilikuwa tayari ni kitu cha kale kilichofukiwa.

## Maswali ya kijiweni

16. Zilijengwa na watumwa?

Ushahidi hauelekei huko. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta uliofukiwa kusini ya uwanda, na chini yake yakapatikana makaburi ya wajenzi wenyewe. Walizikwa kwa heshima, jirani na mfalme wao, na mikate na pombe ya safari ya ahera. Mifupa inaonyesha migongo iliyochoka na mivunjiko iliyotibiwa ikaunga. Mtumwa wa kutupwa hatibiwi mguu. Mji wao wa kazi pia umefukuliwa, una tanuri za mikate na mifupa mingi ya ng'ombe.

Lililonigusa zaidi ni la Merer. Mwaka 2013 timu ya mwanaakiolojia Pierre Tallet ilipata Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, vipande vya mafunjo vilivyoandikwa na mtu huyo, nahodha wa kundi la kama watu 40. Ni daftari la kazi: leo tumepakia mawe Tura, kesho tunalala njiani, keshokutwa tunashusha Giza. Nahodha yeyote wa jahazi la boriti angelielewa bila mkalimani.

Mawe yote yanakadiriwa milioni 2.3. Gawanya kwa miaka 20: zaidi ya 300 kila siku. Kwa hiyo lilikuwa suala la ratiba, mikate na mashua. Wanaosema viumbe wa anga za juu wakaelezee kwanza daftari la Merer.

17. Si Waisraeli waliozijenga? Na maghala ya Yusufu?

Hili huulizwa kila Jumapili. Piramidi za Giza zina umri wa zaidi ya miaka elfu moja kuliko zama ambazo habari za Musa huwekwa na wengi, yaani enzi za Ramses II, karne ya 13 kabla ya Kristo. Kitabu cha Kutoka chenyewe, sura ya kwanza, kinataja miji ya hazina, Pithomu na Ramesesi, na matofali ya udongo. Piramidi hakizitaji.

La maghala ya Yusufu lilienea Ulaya karne za kati. Lipo hata kwenye michoro ya kanisa la Mtakatifu Marko, Venice. Ukishaingia ndani unaona tatizo. Ni jiwe karibu lote, nafasi iliyo wazi ni vijia na vyumba vichache. Ungeweka magunia mangapi?

18. Tutaona maiti za mafirauni?

Si kwenye piramidi, zote zimekutwa tupu au karibu tupu. Wafalme na malkia 22 waliokaushwa, Ramses II akiwemo, walihamishwa kwa maandamano makubwa Aprili 2021 hadi makumbusho ya ustaarabu yaliyoko Fustat, upande mwingine wa Kairo. Ni siku nyingine.

Neno *mummy* la Wazungu na mumiani wetu ni ndugu: asili yake ni jina la Kiajemi la lami nyeusi iliyotumika kama dawa, ambayo baadaye ilidhaniwa kuchunwa kwenye maiti hizo. Kwetu ikageuka kuwa mnyonya damu wa kutishia watoto. Bibi yangu aliposikia nakwenda kuwatazama mumiani kwa tiketi, alinyamaza siku nzima.

## Saqqara na Dahshur

19. Saqqara kuna nini ambacho Giza hakuna?

Nafasi, ukimya, na picha ukutani. Ningelazimishwa kuchagua moja, ningeitaja Saqqara, na wenzangu wananishangaa.

Pale ndipo yote yalipoanza. Kabla yake wakubwa walizikwa chini ya mastaba, jengo la matofali ya udongo lililo bapa; kwa Kiarabu neno hilo ni benchi, kama baraza zetu za nje ya nyumba. Miaka ya 2650 kabla ya Kristo hivi, Imhotep, fundi wa Mfalme Djoser, akapanga mastaba ya mawe juu ya mastaba, kila moja ndogo kuliko ya chini, mara sita. Ikapatikana piramidi ya ngazi, karibu meta 62. Ilifunguliwa tena Machi 2020 baada ya ukarabati wa miaka mingi.

Kisha ingia makaburi ya mawaziri, kama la Mereruka. Ukutani kuna wavuvi wanavuta nyavu, viboko wamefumbua midomo, karani anapiga hesabu na mkwepa kodi anavutwa kwa shingo. Samaki wamechongwa kila mmoja na aina yake. Mwenzetu aliyekulia Ukerewe alisimama mbele ya ukuta ule akianza kuwataja kwa majina, sato huyu, kambare huyu, mpaka mlinzi akaja kusikiliza. Hiyo ndiyo bakshishi pekee tuliyotoa kwa furaha.

Ndani ya piramidi ndogo ya Unas kuta zimejaa maandishi ya samawati na dari ni nyota. Ni maandiko ya dini ya kale kuliko yote ya aina yake. Ikiwa imefungwa siku hiyo, ya Teti ni mbadala mzuri, na njia yake haikuumizi kama ile ya swali la 13.

20. Na Dahshur?

Kwa anayetaka kuingia ndani ya piramidi bila foleni. Zote mbili kubwa za pale ni za Sneferu, baba yake Khufu. Ya kwanza imepinda: walianza na mwinuko mkali, katikati wakaulegeza, na kosa lao limesimama mpaka leo kila mtu alione. Ya pili, Nyekundu, wakapatia. Unapanda ngazi nje, unateremka njia ndefu ya kuinama, unafika vyumba virefu vyenye harufu kali ya kinyesi cha popo. Mkiiongeza Dahshur, punguzeni Giza.

## Mambo ya pembeni

21. Tuna mzazi wa miaka sabini. Aje?

Aje. Mabasi ya ndani yamepunguza kutembea, na kituo cha kutazama piramidi zote kwa pamoja hakihitaji kupanda. Ndani ya piramidi asiingie, na mjamzito hivyohivyo. Kiti cha magurudumu kinapita kwenye lami, mchangani hakipiti.

22. Tukienda Ramadhani?

Muda wa kufungua hufupishwa, kwa hiyo chagueni Giza au Saqqara. Msile wala kunywa mbele za watu, hata kama si Waislamu. Fidia ni jioni: meza za futari hutandazwa barabarani, mpita njia hukaribishwa, na mezani pale hatukuulizwa tumetoka wapi mpaka tuliposhiba.

23. Watatuonaje, sisi Waafrika weusi?

Utaitwa "Sudani!" mara kumi kwa siku, pengine "Aswani!" Baadhi ya papasi watakuita "Afrika!" kana kwamba wao wako Ulaya. Mara nyingi ni utani wa kibiashara. Mara chache ni dharau, nayo utaitambua. Tulichogundua ni kwamba mtu akidhani wewe ni Msudani anakupa bei ya chini kwanza. Usimsahihishe mpaka umelipa.

24. Kumbe Sudan nako kuna piramidi?

Ziko zaidi ya 200, nyingi kuliko za Misri, ndogo na kali za ncha, maarufu zikiwa za Meroe. Wafalme wa Kushi, dola ya kale ya huko, waliwahi kuitawala Misri yenyewe, Taharqa akiwa mmoja wao. Tangu vita vilipoanza Aprili 2023 si mahali pa kupeleka marafiki kwa matembezi.

25. Naweza kuchukua kijiwe cha ukumbusho?

Usichukue hata kile unachodhani ni kokoto tu. Sheria ya mambo ya kale namba 117 ya mwaka 1983 haina mzaha, na uwanja wa ndege mizigo hupita kwenye mashine zaidi ya mara moja. Mchanga utakaoukuta ndani ya soksi wiki mbili baadaye, huo hakuna atakayeudai.